Sauti ya Mchana na Kalamu ya Usiku: Ajira na Mtindo katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Katika vyumba vingi vya walimu, hapa Shianda na kwingineko katika Kaunti ya Kakamega, hakosekani mwalimu wa Kiswahili aliye na mswada wa riwaya kabatini. Ukimuuliza kwa nini mswada huo haujakamilika, atakujibu kuwa hana wakati. Jibu hilo lina ukweli wake. Tuchukue mfano wa mwalimu aliye na mikondo mitatu yenye wanafunzi hamsini hamsini. Akiwapa insha moja kila baada ya majuma mawili, na akitumia dakika 5 pekee kwa kila daftari, atahitaji dakika 750, yaani saa 12 na nusu, kuzisahihisha. Hapo hatujataja maandalio ya masomo, zamu, michezo, wala usimamizi wa masomo ya jioni. Mtu aliyeshinda akisimama mbele ya ubao hurudi nyumbani akiwa na sauti iliyokauka na mkono uliochoka.

Makala haya hayanuii kulipinga jibu hilo. Yananuia kuonyesha kwamba hilo ni nusu ya jibu. Hoja yetu ni kuwa kazi ya mchana haimpokonyi mwandishi saa zake tu, bali humwachia pia namna ya kusema, naye huibeba namna hiyo hadi kwenye karatasi usiku. Kwa mwalimu, namna hiyo ni kueleza. Mwalimu hulipwa ili aeleze, arudie, kisha afupishe alichokieleza. Mazoea haya yana manufaa makubwa darasani, lakini yakiingia katika riwaya bila kualikwa huidhoofisha. Tutaitetea hoja hii kwa kuangalia waandishi kadhaa walioandika wakiwa kazini, na hasa Euphrase Kezilahabi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari riwaya zake za mwanzo zilipoanza kutoka.

Fasihi ya watu walioajiriwa

Riwaya ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, imeandikwa na watu wenye ajira. Shaaban Robert (1909–1962) aliingia katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka wa 1926, akahudumu humo hadi mwaka wa 1944. Baada ya hapo alifanya kazi katika afisi nyingine za serikali, muda mrefu akiwa Tanga, hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Kusadikika ilipochapishwa mwaka wa 1951, mtunzi wake alikuwa angali karani. Kazi zake kadhaa, zikiwemo Kufikirika na Utubora Mkulima, zilichapishwa baada ya kifo chake.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mtu wa magazeti. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau mnamo 1957–58, ikachapishwa mwaka wa 1960. Wakati huo alikuwa mhariri katika jarida la kilimo la Mkulima, na aliendelea na kazi hiyo kwa miaka kadhaa huku akimtungia msomaji visa zaidi vya Bwana Msa. Karibu nasi zaidi ni marehemu Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020. Msomaji wa Kenya alimjua kama mtangazaji wa habari na pia kama mtunzi wa Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012).

Hali hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Franz Kafka alikuwa mwajiriwa wa taasisi ya bima ya wafanyakazi walioumia kazini mjini Prague, na hadithi yake juu ya hukumu ya baba kwa mwanawe aliiandika kwa usiku mmoja tu, wa tarehe 22 kuamkia 23 Septemba 1912. Tunalolitilia mkazo katika mifano yote hii si bidii ya waandishi hao, ingawa bidii ilikuwepo. Tunalotaka kulichunguza ni kile walichokitoa kazini wakaja nacho kwenye maandishi.

Karani na mahakama ya Kusadikika

Tuanze na Kusadikika. Muundo wake tunaujua sote. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, mashtaka yanatolewa na Waziri Majivuno, kisha mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi na kuadhibiwa. Ukiutazama muundo huu kwa jicho la mtu wa afisi, utaona mpangilio wa jalada: shtaka, utetezi, ushahidi mmoja baada ya mwingine, na uamuzi. Kila mjumbe ana habari yake iliyo kamili. Hadithi ya namna hii inaweza kuwekwa chini leo na kuchukuliwa tena kesho bila uzi kukatika. Hatudai kwamba Shaaban Robert aliuchagua muundo huo kwa sababu ya uchovu. Tunachosema ni kwamba muundo huo unamfaa mtu ambaye saa zake si mali yake.

La muhimu zaidi ni kwamba kueleza na kuonya kwingi kuliomo katika Kusadikika hakuonekani kuwa kiraka. Mahakama ni mahali pa hoja. Mshtakiwa anayejitetea analazimika kueleza, na wahusika wenye majina kama Majivuno na Karama wametujia tangu mwanzo wakiwa wamebeba maana zao. Mwandishi amejenga nyumba ambayo maelezo ndiyo wapangaji wake halali. Basi haifai kuhukumu kwamba riwaya inayofunza ni mbaya kwa sababu inafunza. Swali la kuuliza ni kama umbo la kazi linayahitaji mafunzo hayo au yamebandikwa juu yake.

Inafaa pia kukumbuka Utubora Mkulima. Utubora anaiacha kazi ya mshahara kwa mfanyabiashara Ahmed na kwenda kulima Busutamu, ijapokuwa mwajiri wake anataka abaki. Wengi wetu tumewahi kuota ndoto hiyo siku ya kufungua shule. Lakini aliyeiandika hakuiacha ajira kama mhusika wake. Ndoto ya kuondoka aliigeuza kuwa hadithi, naye akabaki afisini. Anayesubiri hadi aache kazi ndipo aandike huenda anaisubiri riwaya ambayo tayari imo katika kusubiri kwenyewe.

Mwalimu anaposimulia: Rosa Mistika

Sasa tuje kwa mwalimu. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka wa 1944. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1970, kisha akafundisha katika shule za sekondari, zikiwemo Mzumbe na Mkwawa, kabla ya kurejea chuoni. Rosa Mistika ilitoka mwaka wa 1971, mtunzi akiwa na umri wa miaka 27. Mwanzoni haikuruhusiwa shuleni kwa jinsi ilivyozungumzia mapenzi ya vijana waziwazi, lakini baadaye ilikuja kusomwa na kufundishwa.

Nguvu ya riwaya hii ni ujasiri wake. Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa ajili ya barua na pesa kutoka kwa mvulana, Charles. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na anapofika mbali na jicho la baba hajui aishi nao vipi. Matukio haya yanatosha kutuonyesha kwamba ukali usio na mafunzo humwacha mtoto bila ngao. Hata hivyo, msimulizi hatosheki. Mara kwa mara anaingia kati, anawasemesha wazazi na vijana, anataja sababu na matokeo. Hata baada ya Rosa kufa, riwaya inatupeleka mbele ya Mungu ili lawama igawanywe baina ya baba na mwana.

Wapo wahakiki watakaoitetea hukumu hiyo ya mwisho kama ubunifu, na utetezi huo una uzito, kwa kuwa ni jambo la kijasiri katika riwaya ya kihalisia ya wakati ule. Lakini kwa maoni yetu, hukumu hiyo inafanya kazi ambayo ingeachiwa msomaji. Sisi walimu tunaitambua sauti hiyo kwa haraka kwa sababu ni yetu. Ni sauti ya dakika tano za mwisho za kipindi, mwalimu anapouliza kama wote wameelewa, na kabla hajajibiwa anaeleza tena. Darasani hatuna budi kufanya hivyo, maana kuna mwanafunzi wa nyuma ambaye hakusikia. Katika riwaya hakuna mwanafunzi wa nyuma. Msomaji yuko peke yake na kitabu, na akikosa kuelewa anaweza kurudi ukurasa mmoja.

Kutoka Kichwamaji hadi Nagona

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1974, ikatoka Kichwamaji. Mabadiliko yake ni makubwa. Safari hii anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa nafsi ya kwanza. Kazimoto ana elimu na ana maneno mengi ya kueleza dunia, lakini maelezo yake hayamwokoi. Anamkaribia Sabina kwa nia ya kulipiza kisasi kwa yale ambayo Manase amemtendea dada yake Rukia, na anaishia kumwoa. Anasema mengi juu ya maisha, nasi tunaona kuwa asemayo na atendayo havilingani. Mwishowe anajiua.

Tuangalie alichokifanya mwandishi hapa. Mazoea ya kueleza hayakuondoka, kwani Kazimoto anaeleza pengine kuliko msimulizi wa Rosa Mistika. Kilichobadilika ni mwenye maelezo. Yamewekwa kinywani mwa mtu ambaye hatuwezi kumwamini kikamilifu, hivyo yamekuwa sehemu ya tatizo lake. Msomaji analazimika kuyapima. Mwandishi ameichukua sauti ya msomi anayefafanua kila kitu na kuifanya mada ya riwaya. Huku ndiko kukua kwa mtindo.

Katika mwaka huohuo ilichapishwa diwani yake ya Kichomi, ambayo mashairi yake huru yalichangia mjadala mkali kuhusu vina na mizani. Mjadala huo tunaufundisha kila mwaka. Kwa makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba mwandishi aliyekuwa na majukumu ya kazi alikuwa na umbo fupi la kujaribia sentensi yake. Shairi huru fupi halina kina wala mizani ya kujificha nyuma yake, na halina nafasi ya kueleza. Anayelitunga hujifunza kuiacha taswira isimame peke yake. Baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba vilivyoandikwa kwa sentensi fupi na mandhari kama ya ndoto, tunakutana na riwaya ambayo msimulizi wake anafika mahali asipopajua na hatuelezi kwa sababu naye anatafuta. Kutoka msimulizi anayejua kila kitu hadi msimulizi anayeuliza, safari imechukua takriban miaka 20.

Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga hivi: Kezilahabi wa Nagona hakuwa tena mwalimu wa sekondari. Alikuwa mhadhiri, alikuwa amepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1985, na alikuwa na maktaba na nafasi ya kufikiri. Je, si kweli kwamba mtindo wake ulikua kwa kuwa aliondoka darasani?

Pingamizi hili halifai kupuuzwa. Usomaji wa falsafa unaonekana wazi katika Nagona, na si rahisi kuusoma ukiwa na vipindi sita kwa siku. Lakini hatua kubwa zaidi, ile ya kumnyang'anya msimulizi mamlaka ya mwalimu, ilichukuliwa katika Kichwamaji, na hiyo ilitoka miaka minne tu baada ya mtunzi kuhitimu. Kwa hiyo nafasi peke yake haitoshi kuieleza. Tena, wapo wahadhiri wengi wenye nafasi ambao riwaya zao zinaeleza kama mihadhara. Kazi ilibadilika, lakini uamuzi ulitangulia.

Kuna jambo jingine. Kezilahabi hakuzaliwa katika Kiswahili cha pwani. Alitoka kwa Wakerewe kama vile wengi wetu hapa tulivyotoka kwa Wawanga na jirani zao. Hakujaribu kuandika kama mtu wa Unguja. Alijenga Kiswahili chepesi, chenye sentensi fupi, kilichomtosha. Tulinganishe na Walibora katika Siku Njema. Lugha yake imejaa misemo, lakini msimulizi wake ni Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu aliyekulia Tanga. Mapambo yale yana mwenyewe. Kinyume chake, mswada wa mwalimu wa bara mara nyingi una mkulima wa Wanga anayezungumza kama manju wa Lamu, na hakuna anayeuliza alijifunzia wapi.

Mtindo si orodha

Tukifika hapa, tujiulize ni wapi mwalimu anayapata mazoea hayo. Tunaamini anayapata katika namna tunavyofundisha mtindo. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, mtahiniwa huulizwa abainishe mbinu za uandishi. Nasi tunamwandaa kwa orodha: tashbihi, istiari, tashihisi, taharuki, mbinu rejeshi, na kadhalika. Orodha ina kazi yake katika mtihani. Ila mwalimu anayeirudia kila siku huanza kuamini kwamba mtindo ni wingi wa vitu hivyo. Akikaa kuandika usiku, anapamba. Isitoshe, ameshinda akisoma insha zinazotuambia kuwa wahenga hawakutupiga mafamba waliponena. Sikio linalosikia maneno hayo mara mia kwa juma huyazoea, na mkono uliochoka huchukua kilicho karibu. Hapo ndipo uchovu unapoudhuru mtindo hasa: mwandishi ana saa moja, na saa hiyo inajazwa na maneno ya wengine.

Tutunge mfano mdogo kutokana na mazingira yetu. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, na mwaka wa 2019 kikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni. Mkulima wa hapa huisubiri miwa yake kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuvuna. Mwalimu mmoja anaweza kuandika hivi: "Makokha alihuzunika mithili ya yatima, kwani alifahamu fika kwamba malipo yale duni yangeizamisha familia yake katika lindi la umaskini." Mwingine anaweza kuandika: "Makokha aliisoma risiti mara mbili. Akaikunja, akaitia ndani ya kofia, akauliza kama trekta ingepitia sokoni." Sentensi ya kwanza ina tashbihi na istiari, na ingempatia mtahiniwa alama. Ya pili haina hata tamathali moja. Lakini ni ya pili inayotufanya tumwone Makokha, na swali lake kuhusu trekta linatuambia kwamba hana haraka ya kufika nyumbani. Hatukuhitaji kuambiwa.

Mapendekezo kwa mwalimu mwandishi

Kutokana na tuliyoyajadili, tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mwalimu achague umbo linalolingana na saa zake. Hadithi fupi, shairi, au riwaya ya visa vinavyojitegemea kama vile habari za wajumbe wa Kusadikika, si umbo la mnyonge. Mwenye dakika arubaini alfajiri anaweza kukamilisha kisa kimoja kwa muhula, na visa vitatu kwa mwaka. Anayeanza na riwaya ya kurasa mia tatu hutumia dakika zake kukumbuka alipoishia.

Pili, asiandike na kusahihisha kwa wakati mmoja. Kalamu nyekundu ni chombo cha kazini. Mwalimu aliyezoea kutafuta makosa huyaona ya kwake kabla sentensi haijamalizika, akaifuta. Aandike siku za shule bila kurudi nyuma, na likizo ndiyo iwe ya kusahihisha. Wakati wa kusahihisha, apigie mstari kila mahali ambapo msimulizi anaeleza jambo ambalo tendo limekwisha kulionyesha, kisha ajaribu kuisoma aya bila mstari huo. Mara nyingi aya itasimama.

Tatu, aitumie kazi badala ya kuikimbia. Chumba cha walimu, foleni ya karo, mzazi aliyekuja na kuku kwa kukosa fedha, mtahini anayehesabu karatasi, yote haya ni maisha ambayo riwaya yetu haijayachosha. Shaaban Robert aliingiza hoja na utetezi katika Kusadikika. Kezilahabi alimweka msomi anayejua kueleza bila kujua kuishi katikati ya Kichwamaji. Mwalimu naye anaweza kumuumba msimulizi aliye mwalimu, ambaye anaeleza kila kitu ila jambo moja linalomhusu mwenyewe.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kilio cha kukosa wakati ni cha haki, ila kisitufiche tatizo la sauti. Tume ya Huduma za Walimu haitatupunguzia vipindi kwa sababu tuna miswada. Lakini sauti tunayoiandikia iko mikononi mwetu, na mfano wa Kezilahabi unatuonyesha kwamba inaweza kubadilika hata katika miaka ya mwanzo ya kazi. Suala hili linatuhusu pia kama walimu wa wanafunzi wetu. Mwalimu aliyewahi kufuta maelezo yake mwenyewe ili tendo lisimame hatamfundisha mwanafunzi kuhesabu tashbihi tu. Atamuuliza ni nani anayesema katika ukurasa ule, anajua nini, na ameacha kusema nini. Maswali hayo matatu yanaweza kuulizwa hata katika kipindi cha mwisho, mkondo wa tatu, siku ya Ijumaa.